Pikipiki Haina Kiki, Ila Inanunuliwa kwa Ajili ya Kiki

Leo naomba tuweke pembeni habari za nani kaachana na nani, tutarudi huko kesho maana najua kuna watu hamlali bila hizo. Leo tunaongea pikipiki. Ndiyo, pikipiki. Sababu ninayo, ni mdogo wangu, na ana mpaka Ijumaa hii kuamua. Twende kazi.

Wiki tatu zilizopita msanii mmoja mkubwa tu wa Bongo Fleva (jina kapuni, msinianzishie kesi) alidondosha klipu. Yupo juu ya pikipiki nyekundu ya spoti, kofia ngumu hana, miguuni malapa, nyuma kabeba mrembo, barabara ile ya baharini kule Dar. Kabla biti haijaingia wameiacha sauti ya injini peke yake kama sekunde kumi hivi. Sauti nzito, ya kifua, sio ule mlio wa nyuki wa spoti tulizozoea kuziona kwenye muvi. Komenti zikajaa moto na mapovu. Mimi mwenyewe nikaiposti humu, nikaandika "chuma cha mwaka", mkanipa maoni zaidi ya posti yoyote ya mwezi ule. Kwa hiyo kwenye haya yote na mimi sijatoka msafi.

Sasa kule kwetu Nyakisasa, wilaya ya Ngara, mdogo wangu naye akaiona. Huyu ni mtoto wa mama mdogo, ana miaka 22, ni dereva wa bodaboda, Boxer ya mkataba. Asiyejua mkataba ni hivi: pikipiki ni ya tajiri, wewe unapeleka hesabu elfu 10 kila siku mpaka muda mliokubaliana uishe, ndipo inakuwa ya kwako. Siku unayoumwa, hesabu inakusubiri. Siku ya mvua, hesabu inakusubiri. Bado miezi mitano amalize.

Mwaka jana baba yake alifariki. Mwezi uliopita wamegawana urithi, kiwanja cha Benaco kikauzwa, fungu lake likatoka milioni 13. Hajawahi kushika hata milioni mbili kwa pamoja. Siku ya nne baada ya hela kuingia akanitumia ujumbe: "Kaka, nimepata chuma. V-twini kama ile ya kwenye klipu. Ipo huko huko Mwanza uliko, nenda ukanicheki."

Nilitaka kucheka nipite. Halafu nikasema hapana, huyu anaongelea urithi wa baba yake, hanitanii. Nikaenda.

Mwenye pikipiki ni kijana mfanyabiashara, anajulikana kidogo mitandaoni, na yeye jina lake libaki kapuni. Chuma chenyewe ni Suzuki SV650S ya 2003, iliyotumika Japani kabla ya kuja huku. Rangi ya bluu, imetunzwa, namba za MC, kadi safi. Anataka milioni 11 na nusu, hashuki. Amempa dalali mpaka Ijumaa, baada ya hapo kuna mtu wa Kahama anakuja na hela yake mkononi. (Kila dalali ana mtu wa Kahama, lakini tuendelee.)

Tuelewane kwanza V-twini ni nini, maana kuna watu wanaandika komenti kama mafundi kumbe hata plagi hawajawahi kufungua. Boxer ina silinda moja. Spoti nyingi za Kijapani zina silinda nne zimepangana mstari mmoja. V-twini ina silinda mbili, moja imeelekea mbele na nyingine imeelekea juu kwa nyuma, zinakutana chini kama herufi V. Kwenye hiyo SV zimeachana nyuzi 90. Kwa sababu ya kukaa hivyo zinasawazishana, injini haitetemeki sana. Na kwa kuwa silinda ni mbili tu, pikipiki inakuwa nyembamba katikati ya magoti, unaikumbatia vizuri kuliko yenye silinda nne.

Ile sauti nayo inatoka hapo. Kwenye V ya nyuzi 90 milipuko haiji kwa mpangilio sawa, kunakuwa na pengo dogo kati ya mmoja na mwingine, ndiyo maana unaisikia inadunda badala ya kulia. Kwa hiyo sauti ni ya umbo la injini lenyewe. Usije ukaenda gereji ukatoboa ekzosti ya Boxer ukidhani itafika hapo. Itapiga kelele tu, na majirani watakuchukia.

Mwenyewe akaniambia nipande. Nimejifunzia pikipiki kwenye Boxer kama nyie wote, nikasita. Akasema twende barabara ya Usagara, yeye mbele na gari lake.

Wadau, sitawadanganya. Ni tamu. Nilidhani itaniruka mikononi, wapi. Raha ya V-twini ni kwamba nguvu yake unaipata huku chini, huhitaji kuikamua mpaka ilie ndipo iende. Upo gia ya tatu, mwendo wa kawaida wa mjini, unagusa tu mafuta, inakusukuma mgongoni taratibu kama mtu mzima anayejua anachofanya. Ukiachia mafuta injini yenyewe inakushika, huna haja ya kung'ang'ania breki. Ile pikipiki ina nguvu za farasi sabini na kitu, wakati Boxer 150 zinazobeba abiria kule nyumbani zina kama 12. Hebu pigeni hesabu. Nilifika Usagara nacheka peke yangu ndani ya kofia kama chizi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema hizi pikipiki ni ushamba wa mastaa tu, huyo hajapanda.

Na kwenye mashindano V-twini sio vya kuigiza. Waitaliano wa Ducati, kule Bologna, ndio walioifanya iheshimike. Kwenye Superbike ya dunia miaka ya 90 sheria iliruhusu silinda mbili mpaka sisi 1000 wakati silinda nne zilibanwa kwenye 750, na Ducati wakaitumia nafasi hiyo vizuri. Carl Fogarty, Mwingereza, alichukua ubingwa mara nne akiwa na Ducati: 1994, 1995, 1998 na 1999. Honda walichoka kuchapwa na wao wakatengeneza V-twini yao ya sisi 1000, Colin Edwards akabeba nayo ubingwa 2000 na 2002. Suzuki ndio wakafanya la maana kwa watu wa kawaida, mwaka 1999 wakatoa SV650, ya bei ya chini na isiyo na makuu. Mpaka leo ukimuuliza anayejua pikipiki nikianza spoti nianze na ipi, kuna uwezekano mkubwa akutajie hiyo. Mdogo wangu hakuchagua kijinga. Hilo nataka liandikwe.

Ila sasa twende Nyakisasa.

Kutoka Mwanza ni burudani. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilometa tatu juu ya ziwa, hakuna tena kusubiri kivuko. Unaenda Sengerema, Geita, Bwanga, Biharamulo, Lusahunga, lami tupu. Kuanzia Lusahunga unaanza kugombea barabara na malori ya Rwanda na Burundi, na kuna sehemu lami imeliwa na uzito wa hayo malori mpaka unajiuliza kama ni lami au mashimo yaliyounganishwa. Bado inapitika. Tatizo ni pale unapoiacha. Iwe umeingilia Nyakahura, iwe umezungukia Ngara mjini ukapita Rulenge, kilichobaki ni changarawe na udongo mwekundu. Lami ya Murugarama–Rulenge–Nyakahura, kilometa 85, tumeimbiwa kwenye kampeni na kwenye bajeti tangu nipo shule. Sisemi haitakuja, ila huwezi kununua pikipiki leo kwa ajili ya lami ya kesho.

Kiangazi kule ni vumbi la kukohoa wiki nzima na vikokoto vinavyozunguka chini ya tairi kama gololi. Mvua zikianza, na Kagera mvua hazina uchoyo, ule udongo unakuwa sabuni. Nimeona Boxer ikiwa na magurudumu yake membamba na dereva mwenye miaka kumi kazini ikilala chini na mikungu minne ya ndizi. Dereva anaamka, anatukana kidogo, anainyanyua, anaendelea. SV ina karibu kilo 200. Tairi lake la nyuma lina upana wa milimeta 160, laini, limetengenezwa kushika lami kavu. Kwenye matope lile tairi halina pa kushika. Na ikilala, wewe peke yako huinyanyui, labda upite mkutano wa hadhara.

Chini ya injini hadi ardhini ni kama sentimeta 15 tu. Filta ya oili imekaa mbele kabisa, karibu na bomba la ekzosti, inaangaliana na tairi la mbele. Kila jiwe linalorushwa na tairi linaelekea huko. Na silinda ya mbele, ile ya kwenye herufi V iliyoelekea mbele, plagi yake imekaa kwenye shimo linalopokea maji na tope la barabarani. Wenye hizi pikipiki Ulaya, kwenye lami, wanalalamika kwamba kitundu cha kutolea maji kikiziba, plagi inalowa, pikipiki inabaki na silinda moja. Sasa huko wanalalamikia manyunyu, wewe unaipeleka kwenye tope la Aprili.

Hapa ndipo kichwa cha habari kinapoingia. Boxer betri ikifa unapiga kiki, unaondoka. Spoti haina kiki! Inawaka kwa kibonyezo tu. Betri ikikuishia porini, kilo 200 utazisukuma mwenyewe. Yaani pikipiki inanunuliwa kwa ajili ya kiki mtandaoni, na kiki yenyewe hainayo.

Mafundi. Fundi wetu wa pale senta namheshimu sana, anafungua injini ya Boxer na kuirudisha wakati wewe unakunywa chai. Lakini SV kuanzia 2003 iliacha kabureta, inatumia injekta na kompyuta ndogo. Za 1999 mpaka 2002 ndizo za kabureta, na hata hizo kabureta zake ni mbili na zinatakiwa kwenda sawa. Mafuta yakiwa na takataka, na wote tunajua mafuta ya kwenye chupa za maji pale kijiweni yana nini, injekta zinaziba, na bisibisi haitasaidia. Kuhusu tairi, niliuliza Mwanza maduka matatu. Wawili waliniangalia kama nimeuliza tairi la ndege. Wa tatu akasema la nyuma ni la kuagiza Dar, laki nne, subiri wiki. Ukikanyaga msumari Jumatatu, pikipiki inalala mpaka basi la wiki ijayo lilete mzigo.

Na hii ni Suzuki, ambayo ni nyepesi kuitunza. Wale wanaotamani Ducati wajue kwamba vali zake nyingi hazirudishwi na springi, zina mfumo wake wa kuzifungua na kuzifunga unaotaka fundi aliyesomea hiyo kazi, na matoleo mengi ya zamani yana mikanda ya taimingi ambayo lazima ibadilishwe kwa muda wake hata kama hukutembea. Mkanda ukikatika, injini imekwisha. Ducati Ngara ni sanamu.

Mafuta sasa. SV inakwenda kilometa 20 hivi kwa lita, Boxer inavuka 40 bila tabu. Bei za EWURA zikitoka kila mwezi, angalia bei ya Dar halafu angalia ya kwetu Kagera. Tupo mwisho wa safari ya lile lori la mafuta na tunalipia kila kilometa yake.

Mimi nikapiga hesabu yangu kwenye karatasi nikamtumia picha. Milioni 11 na nusu ya pikipiki. Mafuta na gharama za kuifikisha nyumbani. Bima, na nilimwambia asithubutu kukata bima ndogo kwenye chombo cha bei hiyo. Kofia nzuri, jaketi, glovu, buti, hapo hata ukinunua mitumba huwezi kutoka salama chini ya laki tano. Milioni 13 imebaki chenji ya kununulia soda. Na Jumatatu asubuhi bado anatakiwa apeleke hesabu elfu 10 kwa tajiri, maana SV haibebi abiria wala gunia la maharage. Kwa hela ile ile anamaliza mkataba wake leo leo, ananunua Boxer nyingine mbili mpya anawapa vijana, na yeye ndiye anaanza kupelekewa hesabu. Na bado anaezeka nyumba ya mama yake.

Kingine kinachosahaulika: kuuza. Boxer Nyakisasa ukitangaza asubuhi, jioni imekwenda. SV utamuuzia nani? Watakuja vijana arobaini kupiga nayo picha, mnunuzi hata mmoja hayupo. Siku mama akiugua ukataka hela ya haraka, utaishusha mpaka milioni tano, na bado mtu atakuomba umkopeshe.

Sasa turudi kwa yule staa wetu wa klipu. Jamaa yangu anafanya kazi za video Dar, nikamuuliza ile pikipiki ya jamaa ni toleo gani. Akacheka. Akasema ya kukodi, siku mbili, ilikuja kwenye kirikuu na ikaondoka kwenye kirikuu, na mle kwenye klipu ilitembea kama mita mia mbili tu, nyingine zote ni kamera. Simtaji na simlaumu sana, video ni biashara, hata nyumba za kwenye video ni za kukodi na tunajua. Ila yeye aliandika "zawadi yangu ya birthday, Mungu ni mwema", na mtu wa miaka 22 mwenye urithi mkononi akaamini. Na mimi nikamsaidia kuamini. Ile posti nimeirudia juzi, nimeongeza mstari chini yake. Hamjausoma, najua, hakuna anayerudi nyuma.

Yupo na mwingine, mtangazaji mmoja wa redio Dar, naye kapuni. Huyu anayo V-twini kweli, mwaka wa sita sasa. Huwezi kuiona kwenye ukurasa wake. Anaitoa Jumapili alfajiri, kavaa gwanda kamili kama anaenda vitani, anakwenda Bagamoyo anakunywa chai anarudi kabla jua halijakasirika. Ana gari la kazini, ana nyumba, ana fundi wake. Nilipomuuliza inamgharimu kiasi gani kwa mwaka alisema, "Hilo swali mke wangu hajawahi kuniuliza, na wewe usianze." Kwa mtu kama huyo sina neno. Una lami mlangoni, hela ya pikipiki sio hela ya kula, na kichwa kimetulia? Nunua, tena nunua V-twini kabla ya silinda nne, kwa sababu barabara zetu hazina nafasi ya kuikamua pikipiki mpaka juu. Kwenye makazi sheria ni kilometa 50 kwa saa, na trafiki wana tochi zao. Ukiwa na silinda nne kwenye 50 umebeba simba kwenye kikapu. V-twini kwenye 50 bado unaifaidi.

Baada ya ile karatasi mdogo wangu alikaa kimya siku mbili. Nikajua nimeshinda. Usiku wa tatu akanitumia sauti, dakika nne. Hakubishana na hesabu hata moja. Alisema hivi, namnukuu kwa ruhusa yake: "Kaka, nimebeba watu tangu nina miaka 17. Nimebeba wajawazito usiku kuwapeleka Rulenge. Nimebeba maiti ya mtoto, mama yake kaishika katikati. Nimebeba mbuzi, nimebeba mabati, nimebeba walevi wakanitapikia. Nataka siku moja nipande pikipiki ambayo haina siti ya mtu mwingine."

Nimeisikiliza ile sauti mara nyingi kuliko nyimbo zote za wiki hii. Karatasi yangu haina sehemu ya kuandika hilo. Na ninawajua baadhi yenu mtaandika hapo chini "maskini akipata", tafadhali msiandike. Wewe umewahi kubeba nini?

Lakini na mimi nina mengine ya kusema. Ile siti ya mtu mwingine kwenye SV ipo, ndogo lakini ipo, na Nyakisasa nzima itataka kuikalia. Kijiweni pale wenzake wote ni wa miaka yake, hakuna hata mmoja atakayekubali kutokuijaribu. Pikipiki inayofika karibu 200 kwa saa, mikononi mwa vijana waliozoea farasi 12, kofia moja, na barabara ambayo ng'ombe ana haki kuliko wewe. Ajali ikitokea, kuna hospitali ya Rulenge, kuna Murgwanza, na ukivunjika vibaya ni Bugando huku Mwanza, njia yote ile niliyoisifia na daraja lake, umelala chali ndani ya gari. Hayo mama mdogo anayawaza bila kuambiwa. Alinipigia, hakusema kuhusu hela hata kidogo. Alisema, "Mwanangu, wewe ndiye anakusikiliza. Mimi nimeshazika mmoja mwaka jana."

Kwa hiyo nimemwandikia mdogo wangu mambo mawili, na nayaweka hapa ili yeyote anayejua zaidi yangu anikosoe.

La kwanza: kama ni ile injini aliyoipenda, na sio ile picha, basi ile injini ipo kwenye pikipiki nyingine. Suzuki V-Strom 650 ilitoka 2004 na V-twini ile ile ya sisi 645, lakini imesimama juu zaidi, shokapu zake zina safari ndefu, na gurudumu la mbele ni la inchi 19 badala ya 17. Sio pikipiki ya matope, ni nzito vile vile na spea ni zile zile za kusubiri basi. Ila changarawe kavu inaistahimili, na unakaa wima kama binadamu badala ya kulalia tenki kama unaiba. Sauti ni ile ile. Staa haipandi kwa sababu haipendezi kwenye klipu, na kwa sababu hiyo bei yake huwa haina wazimu.

La pili: amalize mkataba, anunue zile Boxer mbili, na moja kati ya tatu aiandike kwamba haibebi mtu. Hata kama ni Boxer. Au atafute ile Yamaha DT 125 au Honda XL za watumishi, zile mnazoziita pikipiki za bwana shamba mkicheka, ambazo zimepanda milima ya Ngara tangu hatujazaliwa. Jumapili hakuna hesabu, hakuna abiria, unapanda peke yako mpaka Rusumo, unasimama unaangalia maporomoko na malori yanayobadilisha upande kuingia Rwanda ambako wanaendesha kulia. Kigali hapo sio mbali, lami safi, ingawa nako kuna zile kamera zao wanazoziita Sofia. Hesabu za pikipiki mbili zikikusanyika miaka miwili mitatu, SV za kuuzwa zitakuwepo. Haziishi zile. Na yeye atakuwa na miaka 25, umri wangu huu, ambao bado mtu anaruhusiwa kufanya ujinga, ila wa hela yake ya ziada.

Najua hilo la pili linasikika kama maneno ya mjomba kwenye kikao. Nilijisikia vibaya kuliandika, hasa mimi ambaye 2022 nilinunua simu ya kamera tatu kwa hela niliyopewa ya mbolea, na kahawa ya nyumbani ikakaa msimu mzima bila kitu. Hakuna aliyenisema. Nasikia mama alisema tu, "Angalau picha zinatoka vizuri."

Leo ni Jumatano. Zile alama za WhatsApp zimekuwa bluu tangu jana saa tatu usiku, hajajibu. Dalali amenipigia mara mbili kuniuliza kama "bwana mdogo" anakuja, maana mtu wa Kahama ameshafika Geita.

Komenti ziko wazi. Ambaye anayo V-twini anaishi kwenye vumbi, sio Masaki, aniambie ukweli: tairi unapata wapi, plagi ya mbele unaizuiaje maji, na kama ungerudishiwa hela yako leo ungefanyaje. Anasoma humu, kwa hiyo andikeni mkijua anasoma. Na mwenye V-Strom ya kuuza Kanda ya Ziwa, ingia inboksi kabla ya Ijumaa.